Wakili wa Mengineyo

Majuzi nilikuwa Songea kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu, nikapita mbele ya jengo jipya la vioo. Mlangoni kuna bango linang'aa: kampuni ya mawakili, huduma zote za kisheria. Nikasimama kulisoma. Ardhi. Mirathi na wosia. Ndoa na familia. Mikataba. Usajili wa kampuni. Kodi. Ajira. Jinai. Mlinzi akaniona nimekodoa macho, akadhani nimepotea. "Mama, shida yako ipi, nikuelekeze chumba? Hapa kila shida ina wakili wake." Nikamwambia sina shida, nasoma tu. Nikaondoka machozi yananilengalenga, mtu mzima mimi, kisa bango.

Mbinga hayo yote tulikuwa tunayapata kwa mtu mmoja, tena kwenye meza moja. Ubao wake ulikuwa wa mbao, na fundi rangi aliyeuandika hakupiga hesabu. Alianza na ARDHI kwa herufi za kuonekana tangu stendi, MIRATHI ikapungua kidogo, NDOA ikapungua tena, na alipofika kwenye VIAPO NA DHAMANA ilibidi mtu asogee karibu na kukunja uso. Chini kabisa, pembeni, ikabaki nafasi ndogo, akachomeka: na mengineyo. Mimi nilikasirika, nikataka arudie kazi yote. Wakili akatoka nje, akausoma ubao kuanzia juu mpaka chini, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwache, Karani. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayotuletea watu."

Na kweli ndiyo iliyoleta. Mimi nilikuwa mpiga chapa wake, mpokea wageni wake, na siku nyingine mfagiaji wake, tangu nilipotoka kwetu Lituhi nikiwa na cheti cha uhazili na viatu vya kuazima, mpaka siku tulipofunga ofisi. Namwita Wakili kwa sababu sikuwahi kumwita vinginevyo, na yeye hakuwahi kuniita ila Karani, hata kwenye harusi yangu alipopewa kipaza sauti. Hajafa. Nasema "alikuwa" kwa sababu mtu niliyemfanyia kazi hayupo tena, ingawa mwili wake umekaa barazani kwake sasa hivi, umefunikwa blanketi, unaangalia barabara.

Basi, hayo mengineyo. Mama mmoja analeta cheti cha dawa cha mtoto, asomewe ni vijiko vingapi. Vijana wa kahawa wanataka kampuni iandikishwe kwenye mtandao, halafu hawakubaliani jina, wanataka Wakili awachagulie. Baba anataka iandikwe rasmi, na muhuri juu, kwamba yeye na mkwe wake hawasemeshani. Alikataa hiyo? Aa wapi! Aliwaketisha wote wawili akawaandikia mkataba wa kusalimiana. Walisaini. Mpaka leo wanasalimiana wakikutana kanisani, tena kwa sauti kubwa, kila mmoja akihofia mwenzake asije akasema mkataba umevunjwa.

Siku moja akaja mvuvi wa Ngumbo. Huyo mtu ziwa lilimsukumia ng'ambo, Malawi, akapata mwanamke huko, akatulia. Huku kwao wakamlilia, wakamalizana na arobaini, wakagawana nyavu. Kaja kuzidai nyavu zake, wenzake wanamwambia wewe ulishakufa, tumeshakusomea na misa. Akaja kwetu amevaa suti ya kuazima, maana nguo zake nazo ziligawiwa. Alitaka kiapo cha kuwa hai.

Mimi nilibana midomo. Wakili hakucheka hata kidogo. Alisimama, akavaa koti, akampa Biblia mkononi.

"Unaapa kwamba wewe ndiye wewe, na kwamba uko hai?"

"Naapa, Wakili. Niko hai kabisa."

"Kabisa tuiache. Karani, andika: yuko hai."

Alipoondoka yule mvuvi na karatasi yake, Wakili aliingia kwenye chumba cha majalada akafunga mlango, na nikamsikia anavyocheka huko ndani, anapiga makabati kwa ngumi. Lakini mbele ya mteja, kamwe. Alikuwa akisema mtu haji kwa wakili kwa starehe. Hata kama shida yake inachekesha, huyo kalala nayo.

Kituo cha polisi alikuwa akiingia kama anaingia jikoni kwake. "Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu yuko wapi?" Kila mtuhumiwa alikuwa mwanawe mpaka apate dhamana, akishatoka, alikuwa anamgombeza njia nzima. Kuna kijana alikamatwa kwa kahawa ya jirani iliyokuwa inakauka kwenye chekeche, akamtoa, wakafika ofisini, akamwambia: "Sasa mahakamani nitakutetea. Hapa niambie, uliichukua au hukuichukua?" Kijana akainama. "Basi irudishe leo, kabla sijaanza kukutetea." Mawakili wengine watanishangaa nikisema hayo. Washangae tu.

Nami alikuwa ananisumbua. Alikuwa na neno moja alilonirudia mpaka nikalichukia: "Andika alivyosema, siyo ulivyoelewa wewe." Mzee akisema shamba lake linaishia pale mama yake alipokuwa akianikia mihogo, mimi nilitaka kuandika mita na kaskazini na kusini. Yeye anaifuta. "Weka mihogo kwanza. Mita zitakuja na mpima ardhi." Tukagombana, nikanuna, na kesho yake ananiletea karanga za kuchemsha kwenye gazeti, anaziweka mezani bila kusema. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake. Sukari ya ofisi aliificha, mchoyo yule, alikuwa anaifungia kabatini pamoja na muhuri; lakini muda wake aliutoa bure kwa yeyote aliyeketi.

Kesi za ndugu ndizo alizoziogopa, na ndizo zilizojaa. Kwao Wamatengo zamani wanaume wa ukoo walikuwa wanakula pamoja kwa babu, kila nyumba inaleta chakula chake, na baada ya kunawa ndipo wanazungumza ugomvi wao hapo hapo. Wanaita sengu. Wakili aliihamishia ofisini. Ndugu wakija kushtakiana kwa shamba la marehemu baba yao, hafungui jalada kabla hawajala kutoka sahani moja. Wengine walikaa mpaka ugali ukapoa, hakuna anayetaka kutangulia kunyoosha mkono. Yeye anasubiri tu, anasoma gazeti. Na nakuambieni, wengi waliokula hawakufika mahakamani. Wale waliosema "nimeshiba" ndio tuliowaandikia mashtaka.

Chakula hicho alikipika Mama.

Hapa ndipo moyo unaponiuma, kwa hiyo nieleze vizuri. Mama ni mtu wa ziwani kama mimi, wa Ngumbo, na alikuwa mteja kabla hajawa Mama wa nyumba ile. Mumewe wa kwanza alifariki, ndugu wa mume wakamtoa kwenye nyumba waliyojenga pamoja, wakamwekea vyombo vyake barabarani. Marehemu alikuwa amesema mbele ya watu kwamba nyumba ni ya mke wangu. Amesema tu, hakuandika. Wale waliosikia, siku ya kesi wote wakawa wanaumwa. Wakili alishindwa. Alizoea kushindwa, kila wakili hushindwa, lakini hiyo ilimkaa. Alikwenda Ngumbo kumpa pole, akaenda tena, na safari ya tatu Mama akapanda naye milima kuja Mbinga, na masufuria yake.

Tatizo ni kwamba Wakili alikuwa na ndoa ya kanisani. Mkewe wa ndoa alishaondoka miaka mingi, mwalimu yule, anaishi Dar na watoto wao, wamezoea kila mtu na maisha yake. Lakini hawakuachana kisheria, na kanisani ndoa ni ndoa. Kwa hiyo yule aliyewaeleza watu wote wa Mbinga kwamba mkikaa pamoja miaka miwili na watu wakawaona mke na mume, sheria inaweza kuwatambua, yeye mwenyewe sheria hiyo haikumsaidia, kwa sababu alikuwa bado mume wa mtu. Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa, na wakati wa komunyo alikuwa anainama anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Sasa mjue lililopo. Nyumba ya Mbinga ni ya Wakili. Akifa bila wosia, Mama anatoka. Watoto wa Dar si wabaya, lakini wanaijua nyumba ile kuwa ni ya baba yao na mama yao, na Mama kwao ni mpishi. Atatolewa nyumba mara ya pili, na safari hii ni mzee, hana wa kupanda naye milima.

Nilimwambia. Mimi mdomo sina breki. "Wakili, si unawaandikia watu hati za zawadi kila wiki? Mwandikie Mama nyumba, leo, mimi nachapa." Akavua miwani, akaifuta. "Bado. Kaka kwanza."

Kaka yake ndiye mkubwa wa ukoo, anaishi Namswea kwenye mlima wa baba yao, ana kahawa na ngoro zake za mahindi, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, alizozichimba mwenyewe mpaka uzeeni. Wakili aliyeingia polisi bila kubisha, mbele ya kaka yake alikuwa anaongea kwa sauti ya kitoto. Na alitaka wosia wake usainiwe na mtu wa ukoo. Alikuwa na sababu ya kazi, maana wosia wa kwetu usiokuwa na ndugu ndani yake watu wanauvunja mapema. Lakini mimi najua sababu nyingine. Alitaka Mama akubaliwe. Alisema, "Sitaki apate nyumba akose watu." Nilimjibu kwamba watu hawazuii mvua.

Na kaka? Alikuja mjini kila msimu wa kahawa. Anafika, anakaa barazani, anaomba maji. Mama anamwamkia, "Shikamoo shemeji," anaitikia marahaba huku anaangalia miembe ya jirani. Chakula kikija: "Nimeshiba." Katoka Namswea tangu alfajiri, hajala kitu, kashiba nini? Mama anarudisha sahani ndani, ugali wa mhogo na usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani kwetu, haujaguswa. Nilimchukia mzee yule. Siku moja nikamvaa, nikamwuliza, Baba Mkubwa, kwani huyu mama amekukosea nini? Akaniambia taratibu, bila ukali: "Hajanikosea. Mimi ndiye niliyesimama na mdogo wangu altareni. Niliulizwa mbele ya padri, nikashuhudia. Nitashuhudiaje mara ya pili?" Hilo nalo lina uzito wake.

Basi miaka ikapita hivyo, mmoja anasubiri sahani iguswe, mwingine anasubiri Mungu amwambie cha kufanya, na Mama anapika.

Kuhusu wosia sasa, maana huko ndiko nilikoona ustadi wake. Mtu akija kuandika wosia, Wakili anawatoa wote nje, watoto, wajukuu, wake, hata anayemshika mkono mzee. Anabaki yeye, mteja na mimi. Anamkaribisha uji. Halafu anauliza maswali yake, daima yale yale: Leo ni siku gani? Watoto wako ni nani na nani? Shamba lako linapakana na nani? Na nani amekuleta hapa? Akijibu vizuri, tunaandika. Asipojibu, Wakili anafunika kalamu, anafungua mlango, anawaambia waliomleta: "Mrudisheni nyumbani. Akiamka vizuri, mleteni."

Alijaa mlangoni pale mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, kamleta baba yake kavaa suti ya Jumapili, na mzee wa watu anatabasamu tu, kila swali anajibu "ndiyo". Wakili akafunika kalamu. Mwana akafoka, akasema atakwenda Songea, mawakili wamejaa huko, kwani hii ni kazi gani, si kuweka dole gumba tu? "Nenda," Wakili akamwambia. "Lakini dole ni lake, na akili iwe yake."

Wala hakuwa mtu wa kukaza tu. Alikuja bibi mmoja, Mngoni, safi kabisa kichwani. Siku akaitaja, watoto akawataja mpaka waliokufa, lakini alipoulizwa anapakana na nani, kimya. Akaulizwa tena, kimya, anaangalia sakafu. Mimi nilishaanza kukusanya karatasi. Wakili akanizuia kwa kidole, akamwuliza: "Bibi, jirani huyo ni mkwe wako?" Bibi akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Jina la mkwe hawezi kulitamka, ni adabu ya kwao. "Basi tumwandike kuwa ni mkwe, jina atalitaja mtu mwingine." Kesho yake akapanda pikipiki akaenda mwenyewe kuona mpaka. Na wale aliowarudisha nyumbani aliwafuata pia. Alikuwa anasema wagonjwa na wazee akili zao huwa safi asubuhi, wakishapata uji. Alfajiri unamkuta njiani na mkoba wake, anakwenda kuona kama mtu ameamka vizuri.

Ziwani tu ndiko alikuwa mwoga. Hakuogelea, hakupanda mtumbwi, na alikuwa radhi atapike kwenye kona za milimani lakini boti hapandi. Ugomvi wa mitumbwi na injini aliumaliza akiwa amesimama mchangani na viatu vyake. Kwetu Lituhi watoto walimwita Bwana Nchi Kavu. Mama alimcheka sana. Alikuwa akisema siku moja atamtupa majini na joho lake, aone kama sheria inaelea.

Ilianza kidogo kidogo. Alinipa mkataba wa bodaboda nichape, nikachapa, baada ya chai akanipa ule ule tena. Nikacheka, nikamwambia Wakili umezeeka. Akacheka na yeye. Halafu mahakamani akamwuliza shahidi swali, akajibiwa, akamwuliza tena lile lile, na tena, na hakimu akaahirisha kesi kwa heshima. Halafu Jumapili moja tunatoka misa tukamwona amekaa kwenye ngazi za mahakama, peke yake, kavaa joho, anangoja mlango ufunguliwe. Mama akaenda akakaa naye pale ngazini. Hakumwambia ni Jumapili. Alimwambia hakimu amepata dharura, twende tukale.

Hospitali ya misheni walisema ni ugonjwa wa usahaulifu, unakwenda mbele, haurudi. Tukafunga ofisi. Niliuchukua ule ubao, uko kwangu nyuma ya mlango. Na kwenye kompyuta nilikuwa na wosia wake. Alishanisomea zamani nikachapa, nyumba na kila kilichomo kwa Mama, shamba la Namswea lirudi kwa ukoo, vitabu vyake viende Dar kwa watoto. Kilichobaki kilikuwa sahihi na mashahidi. Aliniambia niuhifadhi, Kaka akikubali tutautoa.

Nilimkasirikia. Bado namkasirikia. Watu wote wa milima hii na wa pwani ya ziwa wanalala kwenye nyumba zao kwa sababu yeye aliwakazania waandike, andikeni, leo, msingoje. Na mwanamke mmoja, aliyeshatolewa nje mara moja, Wakili akashindwa kumrudisha, yeye akamwacha na maneno.

Kaka mtu alianza kuja mara kwa mara. Sio tena kwa kahawa, alikuja kukaa na mgonjwa. Alikaa barazani akaona. Aliona Mama anavyomwogesha, anavyomlisha, anavyomfuata barabarani akitoroka na mkoba mtupu kwenda "kazini". Siku nyingine mdogo wake alimtazama akamwuliza, "Mzee, wewe ni mlalamikaji au mlalamikiwa?" Lakini Mama akiita kutoka jikoni, Wakili anageuza kichwa. Jina la Mama lilishamtoka, sauti haijamtoka.

Kisha asubuhi moja simu yangu ikalia. Mama alikuwa anaongea haraka haraka, nikadhani msiba. "Karani, amekula!"

"Nani?"

"Shemeji! Jana amelala hapa. Amekula ugali wa mhogo, na usipa, akaomba mchuzi tena. Anasema uje na ile karatasi. Anasema atasaini."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi kwenye duka la kuchapa karibu na mahakama. Sikuaga. Nilichapa kurasa zile nikaziweka kwenye bahasha, nikapanda bodaboda, na njiani nilikuwa nalia na kucheka, mpaka dereva akaniuliza kama tunakwenda msibani au harusini. Nikamwambia endesha.

Nikawakuta mezani, sebuleni. Kaka mtu ndani ya sebule ile! Wakili kavaa shati jeupe, kanyolewa ndevu, amemaliza uji. Alionekana mzima. Asubuhi ile alikuwa na ule uso wake wa zamani, na mimi nikasema moyoni, Bikira Maria, tusaidie, nusu saa tu.

"Shikamoo Wakili."

"Marahaba, Karani. Umechelewa."

Karani! Alinijua. Mama akashika mdomo. Kaka mtu akatoa kalamu yake mfukoni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mpe asaini, nasi tusaini. Mkono wake bado unajua sahihi. Maswali ya nini?" Na mimi, nasema kweli, niliona anasema sawa. Tulikuwa watatu tunaompenda, na nyumba ilikuwa yake, na tulijua alichokitaka. Nikaweka karatasi mbele yake, nikamfungulia kalamu, nikamwekea mkononi.

Akainama. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisoma kazi yangu siku zote. Akafika mwisho, pale pa sahihi. Kalamu ikasimama hewani.

"Huyu mteja ameulizwa maswali?"

Mimi na kaka mtu tukatazamana.

"Ebo, Karani! Unaniletea wosia kabla ya maswali? Yuko wapi mwenyewe?"

"Ni wewe, mdogo wangu," kaka yake akasema.

Akamtazama, akanitazama mimi. Akakaa sawa kwenye kiti, akaweka mikono yake miwili mezani, namna walivyokuwa wakikaa wateja. "Haya. Muulize."

Nikamwuliza leo ni siku gani. Aliangalia dirishani. "Siku ya soko," akasema. Ilikuwa Jumanne, siyo siku ya soko. Nikamwuliza watoto wake. Akamtaja mmoja, halafu akataja ndugu zake waliokufa wakiwa wadogo, na kaka yake akafumba macho. Nikamwuliza anapakana na nani. Hapo akachangamka, akaeleza mpaka wote, kijito, mkuyu, kaburi la babu, bila kukosea. Lakini ulikuwa mpaka wa shamba la baba yao Namswea, lile alilokuwa akichungia mbuzi utotoni. Hakutaja nyumba tuliyokaa ndani yake.

Nikauliza la mwisho. "Na nani amekuleta hapa?"

Akageuka, akamwona Mama amesimama karibu na mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama kwa upole.

"Ni huyu mama," akasema. "Simjui kwao, lakini ananitunza vizuri." Kisha akamwuliza, kwa ile sauti yake ya ofisini: "Mama, shida yako nini?"

Mama akatikisa kichwa. "Sina shida. Nimemleta mgonjwa tu."

Wakili akashusha pumzi. Akachukua kifuniko, akafunika kalamu, akanirudishia. Akazipanga karatasi, akazigongagonga mezani ziwe sawa, akazisukuma upande wangu. Kaka yake bado alikuwa ameshika kalamu yake, wazi.

"Hapana, huyu simwandikii. Mrudisheni nyumbani," Wakili akasema. "Akiamka vizuri, mleteni."

Mama hakuwahi kumwita kwa jina la Wakili hata siku moja. Aliweka mwiko mezani, akaja akamfuta uji kidevuni kwa ncha ya khanga yake.

"Haya, Wakili," akasema. "Tutamleta."